Nauli ya Kichwa, Nauli ya Gari

Ndege ndogo ya kutoka Dar es Salaam au Zanzibar ikitua Tanga, abiria wake wachache hushuka ngazi, kila mmoja huchukua begi lake, na baada ya dakika chache wote wako nje ya uwanja. Kutoka hapo hadi katikati ya mji ni kama kilomita 3 tu. Ndiyo maana huniuma kumwona mgeni akilipa pesa ya kumfikisha mbali Muheza ilhali hoteli yake iko Raskazone, hapohapo Tanga mjini.

Kosa huanzia kwenye swali. Wengi huuliza, "Mjini shilingi ngapi?" Swali la kwanza liwe: hiyo ni ya kichwa au ya gari? Niliwahi kuishuhudia familia ya watu wanne ikipatana na dereva pale nje. Bei ilikuwa ya kawaida kabisa. "Karibu mama, ingieni," akasema, na mizigo ikapakiwa. Walipofika hotelini aliizidisha mara nne: alikuwa ametaja nauli ya mtu mmoja. Wangeuliza kabla buti halijafungwa, pasingekuwa na mzozo.

Daladala na basi huhesabu vichwa. Teksi na bajaji za kukodi huhesabu safari. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, vilivyoanza Desemba 8, 2023, daladala ya mjini isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600. Watu watatu ni 1,800. Bajaji ikikubali 3,000, kila mmoja ameongeza 400 tu na anashushiwa mlangoni. Ukiwa peke yako na kibegi cha mgongoni, tembea hadi barabara kuu upande daladala.

Hesabu ngumu zaidi ni ya anayetua Dar na kutaka kumalizia kwa basi. Kwa viwango hivyohivyo, basi la daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilomita, na la daraja la kati 67.84. Safari ya kilomita 350 hivi inakuja kama 17,000 au 24,000. Ni rahisi mno ukilinganisha na tiketi ya ndege. Lakini ongeza gharama ya kukatiza jiji kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi stendi ya Magufuli, Mbezi. Ongeza chakula cha njiani. Ongeza usafiri kutoka stendi ya Kange, maana basi halikushushi mjini. Ukiondoka Dar alasiri utafika Kange usiku, saa ambayo mgeni hana nguvu ya kubishana bei. Ndege nayo ina lake: hizi ndogo kwa kawaida huruhusu kilo 15 za mzigo, kwa hiyo mwenye masanduku mawili aulize kabla ya kukata tiketi.

Wanaonisumbua moyo zaidi ni wageni wa ufuko wa Ushongo. Kwenye ramani ni karibu na Pangani, lakini ufuko wenyewe uko kusini ya mto Pangani. Gari lililokodiwa Tanga litakwenda kilomita 50 hivi hadi Pangani, lipange foleni ya kivuko, livuke hadi Bweni, likufikishe, kisha lirudi tupu kwa njia ileile. Dereva hupanga bei akihesabu yote hayo, na ni haki yake. Daraja la mita 525 linalojengwa pale litabadilisha hesabu hii. Kwa anayetegemea kivuko, mimi hushauri gari la Tanga liishie upande wa Pangani. Mgeni avuke kwa miguu, begi mkononi, apokelewe Bweni na gari la hoteli au bodaboda waliyoelewana mapema.

Na kabla ya kutuma hela ya kuwekea nafasi, piga simu hotelini uulize mambo mawili: kivuko cha mwisho ni saa ngapi, na ndege ikichelewa nikakuta kimeshasimama, chumba cha kulala Pangani usiku huo atalipa nani?