Kokwa moja, miche mitatu

Katika kitalu kimoja cha Mkolani, hatua chache kutoka barabara ya Mwanza kwenda Shinyanga, kuna kiriba cheusi kilichofukiwa kokwa moja ya embe. Kokwa hiyo imetoa miche mitatu. Miwili imesimama wima, majani yake ya rangi ya kahawia iliyoiva yakianza kugeuka kijani. Wa tatu ni mwembamba, umeinamia pembeni, na majani yake hayajafikia hata urefu wa kidole.

“Hawa si ndugu watatu,” alisema mwenye kitalu. “Hawa wawili ni mama yao mwenyewe. Huyu kadhoofu ndiye mtoto. Labda.”

Nilikuwa nimepita kuulizia bei ya mche wa mdalasini tu. Labda yake hiyo ikanifanya niahirishe safari, nivute ndoo, nikae.

Mama huyu aliomba jina lake lisitoke gazetini. Umaarufu, anasema, huleta watu wa kukopa miche. Alilima pamba kabla ya kugeukia miti ya matunda na viungo, na kitalu chake kimebanwa kati ya jabali kubwa na ukuta wa jirani. Humo kuna miembe, miparachichi, mistafeli, michungwa, midalasini na safu moja ya mikarafuu iliyowekewa kivuli cha makuti.

Alipoona sijamwelewa, alifukua kokwa nyingine iliyokuwa ndiyo kwanza inachipua, akaisuuza kwenye ndoo, akapasua ganda lake kwa mkasi wa kupogolea. Nilitarajia bonge moja la mbegu lenye pande mbili laini. Niliyoyaona yalikuwa vipande visivyolingana, vimebanana kama punje za kitunguu saumu, na karibu kila kipande kina mzizi wake mweupe. Alivichambua kwa ncha za vidole, taratibu, asikate mzizi hata mmoja, akavipanga juu ya gunia bichi.

“Ukichelewa, mizizi inasukana. Ukiitenga hapo unaua wote.”

Sayansi inamuunga mkono. Ua la mwembe linapopata chavua, kiini kimoja huumbika kutokana na baba na mama. Lakini katika aina fulani za maembe, hasa zenye asili ya Kusini-Mashariki mwa Asia, viini vingine huota kando ya kile cha kwanza kutoka katika tishu ya mama inayokizunguka kiini hicho ndani ya mbegu. Viini hivyo havina baba. Mche utokao humo ni mwembe uleule ulioanza maisha upya. Maembe ya asili ya India kwa kawaida hutoa mche mmoja kwa kokwa, na huo ni mtoto wa chavua. Michungwa, milimau na mizambarau nayo ina tabia ya viini vingi.

Mara nyingi mtoto wa chavua husongwa na wenzake akafia ndani ya kokwa, au hutoka akiwa dhaifu. Mara nyingi, si mara zote.

Ndiyo maana mama huyu hatumii macho peke yake. Alichuma ncha ya jani la mche mnene, akaifikicha, akanipa ninuse. Ilikuwa harufu kali ya utomvu wa embe bichi. Akafikicha la mche wa pili: harufu ileile. La mche dhaifu lilikuwa na harufu nyepesi zaidi, yenye uchachu kwa mbali. Nilinusa tena, kisha tena, nisijue kama ni jani linaloniambia au ni maneno yake yaliyokwisha kuniingia puani.

“Pua yangu si maabara,” alisema. “Lakini mama na binti hawanuki sawa.”

Kazi hii yote ina haraka ambayo mkulima wa Usukumani hakuzoea. Hapa mbegu ni kitu cha kuanika, kuweka ghalani na kungojea mvua. Pamba ndiyo iliyojenga jina la kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kule Misungwi, na aina zake zilizoanza na herufi UK zilifika kwa mkulima zikiwa kavu ndani ya gunia. Mbegu ya embe haina subira hiyo. Ikikauka imekufa. Ya mkarafuu ni hivyohivyo, na ya mdalasini vilevile.

“Mahindi ukiyakausha vizuri yanakungoja,” alisema. “Kokwa ukiianika, umezika.”

Basi msimu wa maembe, mwishoni mwa mwaka, yeye hupita kwa wauza juisi akiwa na ndoo. Kokwa hizo huwa za miche ya kubebeshea tu, maana mama yao hajulikani. Za miche atakayoiuza bila kubebesha huziokota chini ya miti anayoifahamu, mmoja mmoja, baada ya kuonja.

Hapo nilimuuliza swali ambalo nadhani kila msomaji analo. Kama kokwa inaweza kumtoa mama yuleyule, kwa nini watu walipie zaidi mche uliobebeshwa?

“Kwa sababu ya utoto,” alijibu.

Alichukua kikonyo chenye unene wa penseli, akachonga ncha yake ikawa kabari, akapasua shina la mche mchanga, akakichomeka na kukifunga kwa utepe wa nailoni. Kikonyo hicho kimetoka kwenye mti uliokwisha kuzaa, kwa hiyo kinaanza kikiwa mtu mzima. Mwembe wake utaweza kutoa matunda katika mwaka wa tatu au wa nne. Mche wa kokwa, hata kama ni nakala kamili ya mama, hurudishwa nyuma na kulazimika kukua upya. Miaka sita au zaidi inaweza kupita bila embe la maana. Kwa aina za kigeni kama Kent na Tommy Atkins, ambazo kokwa zake hutoa mtoto wa chavua peke yake, kubebesha ndiyo njia ya kuwa na uhakika wa tunda.

Nikamkumbusha Ujiji. Kwenye kumbukumbu ya Livingstone, wageni huoneshwa miembe ambayo husemwa ilibebeshwa kutokana na mwembe ule ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Je, ile iliyopo ni mti uleule?

Hakusita. “Kama kikonyo kilitoka kwake, ni yeye. Miguu tu ndiyo ya mwingine.”

Ni jibu zuri, na ndilo linalonisumbua. Kama ni yeye, basi ana udhaifu wake wote pia. Miembe inatofautiana kwa namna inavyostahimili ubwiriunga na chule. Nakala na mama yake hazitofautiani. Inzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, akilipenda embe la mti mmoja, amezipenda nakala zake zote. Na ile mikarafuu iliyo chini ya makuti ina historia ya aina hiyo. Mfaransa Pierre Poivre na watu wake walitoa miche kwa siri Maluku, wakaifikisha Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa vya upande huo wa Mauritius karafuu ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mashamba mapana ya Unguja na Pemba yalijengwa juu ya ukoo mwembamba.

Upande wa pili wa hesabu uko Florida. Mwaka 1902 kapteni mstaafu wa jeshi John Haden alipanda kokwa za embe la Kihindi liitwalo Mulgoba. Alifariki mwaka uliofuata. Mjane wake, Florence, aliitunza miche ile, na mwaka 1910 mmoja wao ukazaa embe kubwa jekundu ambalo halikuwa Mulgoba. Tommy Atkins na Kent, zinazojaza masoko ya dunia, zimetoka katika ukoo wa mti ule. Zote ni watoto wa chavua. Kama Bibi Haden angetaka nakala tu, asingelipata embe hilo.

Nani anamngoja mtoto wa namna hiyo hapa Mkolani? Mji unapanda vilima, mashamba yanakatwa viwanja, na mwenye kiwanja anataka miti miwili ya kuzaa kabla hajamaliza kupaua. Udongo wa luseni, wa kichanga, ni mwepesi, kiangazi cha Juni hadi Agosti kinakausha, maji ni ya kununua. Mche dhaifu usiojulikana baba hauna mteja. Katika vitalu vingi hung'olewa na kutupwa. Katika rundo hilo linalotupwa kila msimu, ni embe gani limekwishapita?

Mama wa kitalu aliniongoza nyuma ya tangi la maji. Kando ya ukuta kuna mwembe uliopinda, mrefu kumpita yeye mara mbili. Ulikuwa mche wa kutupwa. Aliupanda miaka sita iliyopita kwa sababu jani lake lilinuka tofauti na mengine yote ya msimu ule. Haujawahi kuchanua. Jirani ameshamshauri aukate, maana mizizi itakuja kutikisa ukuta.

Nikamuuliza atafanyaje kama embe lake litatoka chachu, lenye nyuzi, lisilolika.

“Nitapata kuni,” alisema. “Ila sikati mti kwa kosa ambalo haujalifanya.”