Sura ya 6: Wati za Boksi na Wati za Betri

Kwenye steji za bodaboda mjini Nyeri, muziki wa mugithi hutangulia na pikipiki hufuata. Spika mbili zimening'inia chini ya mwavuli, amplifaya ndogo imejibanza chini ya kiti, na nyimbo zinatoka kwenye simu. Mwenyewe ukimuuliza ana nini, atakutajia namba iliyoandikwa kwenye boksi: wati 500.

Chomoa fyuzi ya amplifaya hiyo uisome. Tuseme ni ile nyekundu, ya ampea 10. Wati ni volti mara ampea, na pikipiki inapochaji hutoa takriban volti 14. Kwa hiyo umeme unaoweza kuingia mfululizo ni wati 140, na kinachotoka kwenye spika hakiwezi kuzidi hapo. Wati 500 zimeandikwa kwa ajili ya mnunuzi. Fyuzi haiuzi kitu, ndiyo maana haidanganyi.

Hata hizo 140 pikipiki ndogo haina. Koili yake ya chaji inalisha pia taa kubwa, ambayo mara nyingi hula wati 35, na injini ikiwa sailensa huchaji kidogo sana. Mfumo unaovuta wati 30 unatosha. Kwa betri ya 12V yenye ampea-saa 5, hizo ni ampea mbili na nusu: saa mbili za muziki injini ikiwa imezimwa, kwa hesabu ya karatasi. Kwa kweli stata itakataa mapema zaidi, nawe utarudi kwenye kiki.

Je, sauti itatosha? Ukizidisha wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Lakini ukiisogeza spika kutoka mita moja hadi nusu mita na uso wako, unapata desibeli 6. Hiyo ni sawa na kuzidisha wati mara nne, na gharama yake ni mabano mawili ya chuma. Spika iliyofungwa nyuma kwenye keria inawaburudisha walio barabarani. Iliyo karibu na usukani inakuburudisha wewe. Besi nayo ipunguze. Pikipiki haina milango ya kuizuia, hivyo inapotelea hewani huku ikila umeme. Ukipita Kiganjo kuelekea Naro Moru na Nanyuki, upepo ukivuma kwenye helmeti, kinachosikika ni sauti ya mwimbaji na gita.

Pesa uliyookoa kwenye wati iweke kwenye nyaya. Waya mwekundu utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na amplifaya. Waya ukichubuka kwenye fremu katikati ya njia, fyuzi iliyo mbali haitazuia moto. Waya mweusi urudi kwenye ncha hasi ya betri, maana kuufunga kwenye boliti yenye kutu huleta mlio unaopanda kila unapovuta mafuta. Weka rilei inayowashwa na ufunguo, ili muziki usinyonye betri usiku. Chagua spika za koni ya plastiki, kwani mvua za Machi hadi Mei hulowesha karatasi. Kabla waya haujaingia kwenye amplifaya, uache ulegee kama tumbo, maji yadondokee hapo.

Zile desibeli 3 zinarudi tena, safari hii upande wa sikio. Wataalamu wengi wa usalama kazini wanakubali saa 8 kwa desibeli 85; kila zinapoongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 94 imebaki saa moja, na dereva wa boda hukaa barabarani kutwa. Kisha kuna majirani: kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinakataza kelele za kuwasumbua watu.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mashine. Mbebe mama anayetoka soko la Karatina na mzigo wake. Akisema mara moja tu, "Kijana, nishushe hapo mbele," nawe ukamsikia, umefunga vizuri. Akilazimika kukugonga begani, punguza.