Fedha Imetoka, Mzigo Haujafika

Utayari wa mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi kuagiza bidhaa mtandaoni hutegemea zaidi nani atabeba hasara mzigo usipofika, au ukifika si ule ulioonekana pichani. Bei nafuu huvutia, lakini haiondoi hofu hiyo.

Mwaka 1989, mtafiti Mmarekani Fred Davis alieleza kuwa watu huipokea teknolojia wanapoiona ina manufaa na ni rahisi kutumia. Kwa upande wa malipo, urahisi huo upo: huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Hata hivyo, wepesi huohuo humweka mnunuzi hatarini. Fedha humfikia muuzaji papo hapo, na akishaitoa kwa wakala, kuirejesha ni kazi ngumu. Tapeli wa Instagram hubadili jina la ukurasa, akamzuia mteja na kuendelea kuuza. Aliyetapeliwa mara moja huwasimulia ndugu na majirani, nao huacha kuagiza hata kwa wauzaji waaminifu.

Kulipa baada ya kupokea mzigo hutuliza hofu hiyo. Jumia, kampuni iliyoanzia Lagos mwaka 2012, iliwavuta wateja wengi kwa utaratibu huo. Lakini hapo hasara humhamia muuzaji, kwani mteja akikataa mzigo mlangoni, nauli ya kuupeleka imeshatumika. China ilipata njia ya haki zaidi: tangu 2004, huduma ya malipo ya Alipay ilishikilia fedha za wanunuzi wa soko la mtandaoni la Taobao hadi wathibitishe kupokea bidhaa. Afrika Mashariki inauhitaji sana utaratibu wa namna hiyo, tena kwa gharama ambayo mnunuzi wa kawaida ataimudu.

Nauli nayo ina uzito. Kwa bidhaa ndogo, malipo ya bodaboda huweza kukaribia bei yenyewe, hasa pale ambapo nyumba haina anwani na dereva huelekezwa kwa simu.

Kwa sababu hizo, muuzaji mwenye duka Kariakoo, Dar es Salaam, huaminika mtandaoni kuliko asiye na mahali panapojulikana. Mteja wa Mwanza humtuma ndugu akague bidhaa, ndipo alipe na mzigo upakiwe kwenye basi.