Ugomvi wa paki ya shilingi 3,000 ulinikimbizia malori sita: somo kwa sisi tunaouza barabarani

Leo naongea na wenzangu tunaofanya biashara pembeni ya barabara kuu: mama lishe, wenye vibanda vya chipsi, wauza maji na matunda, wenye gesti, wenye viwanja vya kupaki malori, hadi mlinzi anayeshika tochi getini. Wateja wetu wakubwa ni madereva wa malori na utingo wao. Na tuseme ukweli, hakuna watu tunaogombana nao kama hao hao.

Mimi nina banda la chakula Mikumi, limegusana na uwanja wa kupaki. Uwanja si wangu, una mwenyewe. Mimi nalipa kodi ya banda tu. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, nitawaeleza.

Ilikuwa kipindi cha mvua. Siku hiyo lori lilikuwa limeharibika Kitonga, na wote tunajua Kitonga ikiziba nini kinatokea: magari yanalala mlimani masaa, yakifunguliwa yanakuja kwa mkupuo. Saa nne usiku uwanja umejaa. Akaingia kaka mmoja na semi ya shaba, anatokea Zambia anaelekea Dar, uso umechoka kabisa. Mlinzi akamwambia, "Paki elfu tatu, lipa kwanza." Dereva akamwonyesha kidole bango langu, limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: CHAKULA SAFI, PAKI BURE. Mlinzi akasema, "Hilo ni la mama wa chakula, mi nakusanya hela ya mwenye uwanja."

Akalipa kwa hasira. Akaja kwangu na utingo wake, dada wa zamu akawaambia chakula kimeisha. Huku anawaona watu watatu wanawekewa wali nyama! Kumbe wale walikuwa wamepiga simu mapema wakawekewa, lakini nani alimweleza? Hakuna. Wakalala na njaa. Saa kumi alfajiri anataka kutoka, Fuso imepaki nyuma yake, mwenyewe kalala gesti, simu imezimwa. Alipojaribu kujipenyeza, tela likavunja mwamvuli na meza yangu mbili. Mlinzi na utingo wakakunjana mashati. Mpaka mwenye Fuso anapatikana ni saa mbili asubuhi, na bosi wa yule kaka ameshapiga simu mara sita.

Mimi nilimdai hela ya meza. Akanilipa, akaondoka kimya. Nikajiona nimeshinda.

Sasa njoo tupige hesabu

Gari lile lilikuwa moja kati ya sita ya tajiri mmoja, na yote yalikuwa yanalala pale. Kila lori lina watu wawili. Jioni ugali au wali kwa 3,500, hiyo ni 7,000. Asubuhi supu na chapati kwa 2,500, hiyo ni 5,000. Jumla 12,000 kwa lori moja kwa usiku mmoja. Kila lori lilikuwa linalala pale kama mara nne kwa mwezi, kupanda na kushuka. Malori sita mara nne ni 24. Mara 12,000 unapata 288,000 kwa mwezi.

Hiyo hela ilihamia uwanja wa jirani ndani ya wiki moja, maana madereva wana magrupu yao ya WhatsApp na habari zao zinakimbia kuliko magari. Shilingi 3,000 ya paki, ambayo hata haikuingia mfukoni mwangu, ilinikosesha mauzo ya 288,000. Na kodi ya banda ikawa inanisubiri pale pale.

Kwa nini dereva anafika kwako akiwa amewaka

Baada ya hapo nikaanza kuwauliza madereva wenyewe, taratibu, wakiwa wameshakula. Nilichojifunza ni hiki.

Kwanza, wengi wanapewa hela ya safari kwa mkupuo. Humo humo kuna kula, kulala, kuoga, paki na dharura. Kinachobaki ndicho anachopeleka nyumbani. Kwa hiyo ukimtoza 3,000 ambayo hakuitegemea, hujamtoza tajiri, umemtoza yeye.

Pili, barabara yenyewe. Anayetoka Morogoro amepita hifadhi ya Mikumi, kilomita zipatazo 50 za kuangalia wanyama na matuta, na anajua ukimgonga mnyama kuna faini. Anayetoka Iringa ameshuka Kitonga akiwa ameshikilia roho. Wote wawili wakifika kwako wanataka vitu vitatu tu: mahali pa kusimama, chakula na usingizi.

Tatu, mzigo. Gari la transiti lina lakiri, na TRA wanalifuatilia kwa mtandao. Lina njia yake na muda wake. Mbele kuna mizani, mfano Vigwaza kwa anayekwenda Dar, na tangu Machi 2019 sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inabana kweli kweli. Gari kubwa kabisa mwisho wake tani 56 pamoja na mzigo. Dereva akichelewa kwako masaa manne, anakwenda kuyalipa huko mbele.

Na sisi pia tuna yetu

Sitaki muone natetea upande mmoja. Wapo madereva wanaokula na kuondoka bila kulipa. Wapo wanaokojoa kwenye tairi hatua tano kutoka kwenye sufuria zangu wakati choo kipo. Wapo wanaoacha injini inaunguruma usiku kucha. Na wapo wanaowashika wadada wa kazi viuno wakidhani hiyo ni sehemu ya bei ya wali. Hapana. Mteja ni mfalme, lakini binti anayekuletea maji ya kunawa si mali ya ufalme wako. Mimi sasa nimewaambia wasichana wangu: akikushika, weka sahani chini, niite. Nitaongea naye mimi, na akirudia hahudumiwi. Tangu nianze hivyo nimepoteza wateja wawili. Wasichana wangu hawajaacha kazi, na kabla ya hapo nilikuwa nabadilisha mhudumu karibu kila mwezi.

Mlinzi naye ana yake. Analipwa kidogo, anakesha peke yake na tochi moja, asubuhi dizeli ikipungua yeye ndiye mwizi wa kwanza kutajwa.

Tulichobadilisha

1. Bei moja, bango moja. Nilikaa na mwenye uwanja tukakubaliana: atakayekula kwangu jioni na asubuhi hatozwi paki, mimi nampa mwenye uwanja 1,000 kwa kila gari la namna hiyo. Asiyekula analipa 3,000. Tumeandika kwa herufi kubwa getini, sehemu ambayo dereva anasoma kabla hajakata kona. Lile bango langu la uongo nililing'oa. Nasema la uongo kwa sababu nilitangaza kitu ambacho si changu kukitoa. Kama uko kwenye eneo la mtu, usiahidi kitu chake bila makubaliano.

2. Daftari la getini. Mlinzi anaandika namba ya gari, namba ya simu ya dereva, anakoelekea na saa ya kuondoka. Hii saa ndiyo dawa. Wa saa kumi alfajiri wanapangwa karibu na njia ya kutokea, wa saa mbili wanakaa ndani. Anayetaka kwenda kulala gesti lazima amwache utingo kwenye gari, la sivyo anapaki pembeni asikozuia mtu. Semi haigeuki kama bajaji, ukishaipanga vibaya usiku hutaipangua alfajiri.

3. Sema ukweli kuhusu chakula. Kama kimebaki cha watu walioagiza, sema hivyo: "Kaka, hivi vya watu wamepiga simu, lakini nakukaangia mayai na ugali dakika ishirini." Mtu mwenye njaa anavumilia dakika ishirini. Kudanganywa havumilii. Halafu mpe namba yako aage Morogoro akiwa ameshakuagiza. Siku hizi nusu ya chakula changu cha usiku kimeagizwa kabla sijawasha jiko, nimeacha kumwaga wali.

4. Ulinzi ukiuuza, uuze kweli. Wengi tunachukua hela ya paki kisha tunaandika "GARI LAKO NI JUKUMU LAKO". Ukishapokea hela ya ulinzi, bango hilo peke yake lisikupe usingizi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara angetunza ya kwake. Kwa hiyo sema wazi unauza nini: nafasi tu, au nafasi na ulinzi. Kama ni ulinzi, weka taa, na gari likiingia mlinzi na dereva wazunguke pamoja waangalie lakiri, turubai na mfuniko wa tenki. Kutoka, wanazunguka tena. Dakika tano hizo zimemwokoa mlinzi wetu: kuna dereva alidai amenyonywa dizeli kwetu, daftari likaonyesha mfuniko uliingia tayari umevunjwa, na yeye mwenyewe alisaini.

5. Gari la mafuta lina kona yake. Kuna siku nilikuwa napuliza mkaa hatua chache kutoka kwenye tenka, dereva akanifokea kama mtoto. Nilikasirika sana. Usiku nikiwa nimelala nikaikumbuka Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na ukaondoka na zaidi ya watu mia moja. Ni hapa hapa mkoani kwetu. Asubuhi nilimtafuta yule dereva nikamwomba radhi. Kufokewa kulikuwa kwa haki. Sasa tenka zinapaki upande wa mbali, na hakuna jiko wala sigara upande huo.

6. Ugomvi una mtu mmoja wa kuumaliza. Mlinzi na mhudumu hawabishani. Wanasema, "Kaka, subiri nimwite mhusika." Mhusika anakuja, anamvuta dereva pembeni, maana mwanaume akibishana mbele ya utingo wake harudi nyuma hata akijua kakosea. Mpe maji, msikilize mpaka amalize, ndipo useme bei.

Wa Kilosa mjini nanyi msijione mmepona

Shemeji yangu ana duka Kilosa. Kule semi za Zambia hazipo, ila msimu wa mavuno Fuso za mahindi na mpunga zinajipanga mbele ya maduka tangu alfajiri zikisubiri kujaza. Mteja wa duka hapati hata pa kuegesha baiskeli. Shemeji alikuwa anagombana nao kila siku. Nikamwambia, hao watu wanakaa hapo masaa sita wakisubiri gunia, wanakula nini? Akaweka benchi, chai na maandazi pembeni, kisha akaongea na wapakiaji: Fuso mbili tu mbele ya duka kwa wakati mmoja, nyingine zisubiri uwanjani, ikijaa moja wanaitana kwa simu. Bado kuna siku wanamuudhi. Lakini sasa anauza chai kwa wale wale aliokuwa anawatukana.

Mwisho

Kati ya yale malori sita, mawili yamerudi. Manne bado yanalala kwa jirani, na simlaumu mtu. Yule kaka wa shaba alipita mwezi uliopita, akasimama getini, akasoma bango jipya mpaka mwisho. Nikamfuata nikamwambia, "Kaka, ile siku makosa yalikuwa yangu, na meza zile sikupaswa kukulipisha." Nikamrudishia hela yake. Akacheka, akasema ana haraka, akabeba chapati nne na kulipia. Hajalala bado kwangu. Nasubiri.

Ndugu mfanyabiashara, kesho kabla hujawasha jiko, toka nje usimame pale dereva anapoingilia. Soma bango lako kama mtu mwenye njaa aliyeshinda barabarani. Kama kuna neno pale huwezi kulitimiza saa nne usiku uwanja ukiwa umejaa, lifute.