Tohara Usukumani: nani alijibu swali la waumini

Tafiti tatu zilizotangazwa kati ya 2005 na 2007 zilithibitisha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Mbili zilifanyika jirani na ziwa letu, Victoria: Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na baadaye serikali yetu ya Tanzania ikaanza kuitoa bure katika mikoa ambako wanaume wengi walikuwa hawajatahiriwa, Mwanza ikiwamo.

Ujumbe ulikuwa sahihi, lakini vijiji vingi viliitikia kwa kusitasita. Wasukuma hawana jando la tohara kama majirani zao Wakurya, na Wakristo wengi huku waliiona kuwa desturi ya Waislamu au ya makabila mengine. Kijana akisikia gari la matangazo likipita, lililomsumbua ni hili: nikitahiriwa, kanisani watanionaje, na baba atasemaje? Hapo asilimia 60 haimsaidii. Wenzangu wa afya huwahi kusema wananchi hawana uelewa. Sikubaliani nao. Wananchi walielewa vizuri; sisi ndio tuliojibu swali ambalo hawakuuliza.

Kati ya 2014 na 2015 watafiti walijaribu njia nyingine katika vijiji 16 vya kaskazini-magharibi mwa nchi. Vyote vilipata kampeni ya kawaida ya Wizara ya Afya. Katika 8 kati yavyo, vilivyochaguliwa kwa kurusha sarafu, viongozi wa makanisa walipewa pia semina ya siku moja, wakifundishwa na mchungaji na tabibu, wote Watanzania, juu ya tiba, imani na mila. Baada ya hapo walikutana na watafiti kila wiki mbili hadi kampeni ikaisha. Katika vijiji hivyo 8, karibu asilimia 53 ya wanaume walitahiriwa. Vingine viliishia karibu asilimia 30.

Mchungaji alikuwa wa lazima pale. Paulo anawaonya Wagalatia juu ya tohara kwa maneno makali, na muumini anayeijua barua hiyo hawezi kutulizwa na muuguzi.

Somo hili halihusu tohara pekee. Dawa za kichocho nazo hugawiwa shuleni na vijijini kandokando ya ziwa. Kabla ya zoezi lijalo, ningependa maofisa wa afya wa Ukerewe na Sengerema wakae siku nzima na wachungaji, masheikh na viongozi wa vikundi vya kusimamia mialo ya wavuvi (BMU), waanze kwa kuwasikiliza.