Malezi ya Watoto wa Mbwa Kabla ya Kugawiwa: Maneno kwa Wafugaji wa Lalago

Mwenye ng'ombe na mbuzi katika Lalago hahitaji kuelezwa faida ya mbwa. Usiku fisi akikaribia zizi, mbwa ndiye amjuaye kwanza. Mchana watoto wakienda malishoni, mbwa hufuatana nao. Lakini wengi wamtakao mbwa mwema hawaulizi amelelewaje. Humpokea mtoto wa mbwa kwa jirani angali na majuma manne, tumbo limejaa minyoo, wala hajachanjwa. Baadaye hulalamika kwamba amekufa, au amekuwa mwoga, au ameuma mtoto. Kosa si la mbwa huyo. Kosa lilitendeka katika nyumba alikozaliwa.

Karatasi hii yaeleza kazi ya majuma manane, tangu siku ya kuzaliwa hata siku ya kugawiwa. Kazi yenyewe si ngumu wala haina gharama kubwa. Neno lake kuu ni hili: ampaye jirani yake mtoto wa mbwa na ampe mlinzi, asimpe ugonjwa kwa jina la zawadi.

1. MAMA NA MAHALI PA KUZALIA

Mbwa huchukua mimba siku 63 hivi. Mara ujuapo ya kuwa ana mimba, mtengenezee mahali pake, usingoje azae chini ya ghala au katika shimo alilochimba mwenyewe. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji, na mvua ikinyesha mahali pa chini huwa tope. Kwa hiyo chagua mahali palipoinuka, penye udongo wa mchanga wa luseni, chini ya ukuta uzuiao upepo. Tandika majani makavu kwa unene wa shubiri moja. Jenga ukingo mdogo wa matofali au miti, mama aweze kuuvuka, watoto wasiweze.

Anyonyeshapo, mama huhitaji chakula mara mbili au tatu kuliko siku zake za kawaida. Ugali mkavu peke yake haumtoshi. Mpe ugali wa mtama au mahindi uliochanganywa na dagaa waliochemshwa, na mtindi ukiwapo, na maji safi wakati wote. Usimpe mahindi yaliyoota ukungu kwa kudhani ya kuwa ni chakula cha mbwa tu. Ukungu huo huweza kuwa na sumu ya kuvu, nayo humwua mbwa kama iwezavyo kumwua mtu.

2. MAJUMA MATATU YA KWANZA

Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi, wala hawezi kujipasha moto mwenyewe. Baridi humwua upesi kuliko njaa. Hakikisha kila mtoto amenyonya katika saa chache za kwanza, kwa maana maziwa ya kwanza ya mama yana kinga ya magonjwa, na baada ya siku moja tumbo la mtoto haliwezi tena kuipokea vema. Watazame kila asubuhi. Watoto wenye afya hulala kimya wameshikamana. Alaye kidogo hulia, hujitenga, na ngozi yake huwa baridi. Huyo mweke kwenye chuchu za nyuma, ambazo mara nyingi zina maziwa mengi, na uwazuie wenzake kidogo. Baada ya siku kumi hivi mtoto aliyeshiba huwa na uzito mara mbili ya ule aliozaliwa nao.

Macho hufumbuka kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne. Usiyafumbue kwa vidole.

Viroboto wakizidi, toa majani yote uyachome, ufagie, utandike mapya. Hapa lazima tuseme neno kwa nguvu, kwa sababu nchi yetu ni nchi ya pamba. Dawa ya kunyunyizia pamba si dawa ya viroboto. Usimwoshe mbwa nayo, wala usiipake juu ya mama anayenyonyesha. Ngozi ya mtoto ni laini, sumu hupenya. Tena watoto hunyonya pale pale ulipopaka. Wengine huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe wakaipima kwa macho. Hilo nalo ni hatari. Muulize afisa mifugo dawa iwafaayo mbwa na kipimo chake.

3. KUWAACHISHA MAZIWA

Meno huanza kutoka katika juma la tatu. Hapo ndipo pa kuanza uji. Pika uji laini wa mtama au mahindi, utie maziwa, uumimine katika sinia pana lisilo na kina, uwe vuguvugu. Mara ya kwanza wataukanyaga. Hilo si neno. Wape kidogo kidogo mara nne kwa siku, na mabaki uyaondoe, maana uji uliochacha huleta kuhara.

Katika juma la tano ongeza dagaa waliochemshwa na kutwangwa, na mayai yaliyopikwa ukiwa nayo. Kufika juma la saba watakuwa wakila chakula chote. Mifupa ya kuku iliyopikwa usiwape, kwa kuwa hupasuka vipande vikali vikachoma utumbo.

4. MINYOO

Wafugaji wengi humsifu mtoto wa mbwa mwenye tumbo la mviringo kama ngoma, wakidhani ameshiba. Mara nyingi hiyo ni minyoo. Mtoto huipata angali tumboni mwa mama yake, na mingine huipata katika maziwa. Kwa hiyo hata nyumba safi haina budi kutoa dawa. Wape watoto dawa ya minyoo wanapokuwa na majuma mawili, manne, sita na manane, na mama yao siku zile zile. Kipimo hufuata uzito: wapime katika mizani ya dukani, usikisie.

Minyoo hii hudhuru watu pia. Mayai yake hukaa udongoni miaka mingi, na mtoto wa mtu achezaye hapo na kutia mikono kinywani huyameza. Minyoo midogo yaweza kufika hata machoni ikamharibia kuona. Lakini ipo njia rahisi ya kujikinga. Mayai yaliyo katika kinyesi kibichi bado hayana nguvu ya kuambukiza. Huhitaji majuma mawili hivi au zaidi. Basi afagiaye kinyesi kila siku na kukifukia mbali amekata ugonjwa kabla haujaanza.

Upo mnyoo mwingine upatikanao siku ya kuchinja. Ukiona malengelenge ya maji katika ini au mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe, usimtupie mbwa. Mbwa akiyala huota minyoo tumboni, naye hutoa mayai katika kinyesi. Mtu akiyameza, malengelenge kama yale humwota ndani ya ini lake mwenyewe. Kadhalika kondoo azungukaye-zungukaye kama mwenye kizunguzungu mara nyingi ana lengelenge katika ubongo, na chanzo chake ni mbwa aliyekula kichwa cha kondoo wa namna hiyo. Fukia sehemu hizo chini sana, au zichome. Watoto wa mbwa wasizoezwe kamwe kula nyama mbichi ya machinjioni.

5. KUWAZOEZA WATU NA MIFUGO

Udongo uwahi ungali maji. Tangu juma la tatu hata la kumi na mbili mtoto wa mbwa hujifunza nani ni mwenzake na nani ni adui. Asiyeguswa na mtu siku hizo huwa mwoga maisha yake yote, na mbwa mwoga ndiye aumaye upesi. Kila siku mshike kila mmoja kwa upole, umguse masikio, kinywa na miguu. Watoto wa nyumbani wafanye hivyo mbele ya mtu mzima, wasimvute mkia wala kumwondolea chakula. Azoee sauti ya mkokoteni, ya kinu na ya wageni. Yule utakayemtoa kwa ajili ya zizi, mlaze karibu na mbuzi, anuse harufu yao kila siku; akianza kuwakimbiza, mkataze palepale kwa sauti. Fimbo haina kazi katika malezi haya.

Tena, asitengwe na mama na ndugu zake kabla ya majuma manane. Katika michezo yao hujifunza kuuma bila kuumiza. Amwumizapo ndugu yake, ndugu hulia na mchezo huisha. Somo hilo mtu hawezi kumfundisha.

6. KICHAA CHA MBWA

Karibu kila mtu afaye kwa kichaa cha mbwa aliambukizwa na mbwa, na katika kila watu kumi waumwao na wanyama washukiwao, wanne hivi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kutegemewa. Lakini kinga ipo tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja huko Paris mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa, naye akapona.

Wataalamu wamefundisha ya kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Sasa fanya hesabu hii. Kijiji kina mbwa 100, na 70 wamechanjwa. Baadaye wanazaliwa 30 wasiochanjwa. Mbwa wamekuwa 130, waliochanjwa ni 70 vilevile, yaani 54 tu katika kila 100. Ukuta uliojengwa kwa kazi nyingi umebomoka, wala hakuna mtu aliyetenda ubaya. Ni watoto wa mbwa waliozaliwa na kusahauliwa. Kwa hiyo siku ya chanjo ikitangazwa, mpeleke mama na watoto wake wote, hata wawe wadogo. Isipotangazwa mapema, wachanjwe wafikapo miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka.

Wala jambo hili haliishii nyumbani. Mkoa wa Simiyu wapakana na Hifadhi ya Serengeti. Katika mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, uletao homa, makamasi, kuhara na degedege, uliingia humo ukaua simba wapatao theluthi moja. Tangu miaka ya 1990 chanjo za mbwa zimetolewa katika vijiji vilivyo karibu na hifadhi, kuwalinda watu na wanyama pamoja. Muulize afisa mifugo kuhusu chanjo ya ugonjwa huo pia.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata mtoto wa mbwa wa nyumbani, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

7. SIKU YA KUWAGAWA

Usiwatoe wote siku moja. Maziwa ya mama yatajaa na kuvimba. Toa mmoja mmoja, na chakula cha mama ukipunguze kidogo kidogo. Mtazame ampokeaye: je, ana kivuli, ana chakula, atamfungua usiku? Asiye na nafasi anyimwe kwa adabu. Mpe mpokeaji kadi ya chanjo kama ipo, mwambie tarehe za dawa ya minyoo, na chakula alichozoea. Akiwa hajachanjwa, mwahidiane mbele ya shahidi mwezi wa kumchanja. Usimtie katika gunia kumpeleka mnadani.

Na kama hukuweza kuwapatia watoto makao yote, hilo ni onyo la kumfunga mama apatapo joto tena, au kumwomba daktari wa mifugo amhasi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mahali pakavu. Chakula cha mama mara mbili au tatu. Uji meno yaanzapo kutoka. Dawa ya minyoo majuma ya 2, 4, 6 na 8. Kinyesi kifukiwe kila siku. Dawa ya pamba ibaki shambani. Mikono ya upole tangu juma la tatu. Chanjo kwa wote. Kutoka nyumbani baada ya majuma manane, si kabla.

Mkulima atendaye haya hatapata fedha nyingi kwa watoto wake wa mbwa. Atapata jirani ambaye zizi lake lalindwa, na ambaye watoto wake hulala salama.