Nauli Isiyo na Tiketi: Maelezo kwa Mgeni Anayesafiri Jijini Kampala

Kila mwaka idara yetu hupokea wageni kutoka Tanzania, Kenya, Rwanda na mashariki ya Kongo: watahini wa nje, washiriki wa makongamano na wanafunzi wanaokuja kusoma muhula mmoja. Karibu wote huuliza swali lilelile siku ya kwanza. Je, tiketi ya basi la mjini inanunuliwa wapi, na kuna kadi ya kusafiria? Jibu ni kwamba katika vyombo vinavyobeba watu wengi zaidi mjini, tiketi haipo na kadi haipo. Katika makala haya nitaeleza kinachotumika badala yake. Kwa maoni yangu kinachotumika ni lugha, na kwa sababu hiyo jambo hili linatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha kuliko linavyowahusu watu wa uchukuzi.

Kwanza tuondoe utata wa jina. Mgeni akiambiwa "panda takisi", asitafute gari dogo la kukodi. Takisi ya Kampala ni gari la abiria 14, jeupe, lenye mkanda wa miraba ya buluu ubavuni. Mkenya angeliita matatu na Mtanzania angeliita daladala. Gari dogo la kukodi huku huitwa speshohaya. Inafaa kukumbuka kwamba majina mawili ya jirani zetu yametokana na nauli yenyewe. Inaelezwa kuwa matatu ilipata jina kwa sarafu tatu za senti kumi zilizokuwa nauli ya Nairobi katika miaka ya 1960, na daladala kwa sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala mitaani Dar es Salaam. Jina letu nalo limetoka kwenye kifaa cha kupimia nauli, ambacho takisi ya Kampala haina.

Takisi nyingi huanzia kwenye maegesho makubwa katikati ya mji, yaani Paaka Enkadde (ya zamani) na Paaka Empya (mpya), pamoja na mengine kama Usafi. Kila njia ina sehemu yake na kibao chake. Hakuna ratiba. Gari huondoka likijaa, na mgeni asishangae akiona baadhi ya waliokaa ndani wakishuka mara abiria halisi wanapofika, maana kazi yao ilikuwa kulifanya gari lionekane limekaribia kujaa. Nauli haikusanywi mlangoni. Gari likiwa njiani, konda hugeuka na kunyoosha mkono, pesa hupitishwa kutoka kiti cha nyuma mkono hadi mkono, na chenji hurudi kwa njia hiyohiyo. Konda haandiki chochote. Hukumbuka nani amelipa, nani anadai, na kila mtu anashukia wapi. Ni kumbukumbu ambayo wanafunzi wangu wa ngeli wangeitamani.

Sasa, tiketi kwa kawaida hufanya kazi tatu: hutaja bei, huthibitisha kwamba umelipa, na husema unaishia wapi. Pasipo tiketi, kazi zote tatu hufanywa kwa mdomo, na hapa ndipo mgeni anapopotea.

Tuanze na bei. Nauli ya takisi hubadilika kwa saa na kwa hali ya hewa. Njia ambayo saa sita mchana hutozwa shilingi 1,000 inaweza kutozwa 1,500 au 2,000 jioni watu wanaporudi nyumbani, au mvua inaponyesha. Bei ya jioni haina maana kwamba unaibiwa, kwa kuwa aliyeketi kando yako analipa hiyohiyo. Bei ya kuibiwa ni ile unayotajiwa peke yako. Kwa hiyo uliza kabla ya kupanda, na ukiwa na shaka usimuulize konda, bali abiria mwenzako. Safari nyingi fupi za ndani ya jiji huwa kati ya shilingi 1,000 na 3,000. Mkenya akumbuke kwamba shilingi yake moja ni zaidi ya ishirini za kwetu, asije akashtuka bure.

Kuuliza ni rahisi: "Ssebo, Ntinda mmeka?" yaani, bwana, Ntinda ni kiasi gani? Akiwa mwanamke, semeni "nnyabo". Ugumu upo katika kuelewa jibu. Mswahili huingia takisini akiamini kwamba lugha za Kibantu ni ndugu, na undugu huohuo ndio unaomponza. Konda akisema "lukumi", mgeni husikia kumi. Lakini lukumi ni 1,000. Akisema "bitaano", mgeni husikia vitano. Lakini bitaano ni 500.

Maelezo yake ni ya kisarufi na yanapendeza. Kiswahili kina maneno mbalimbali ya kumi, mia na elfu, na mawili ya mwisho tuliyakopa kutoka Kiarabu. Kiganda hakikukopa. Hulichukua shina lilelile la -kumi na kulibadilishia kiambishi cha ngeli: kkumi ni 10, kikumi ni 100, lukumi ni 1,000, na kakumi ni 10,000, ingawa kwa pesa utasikia zaidi omutwalo. Mamia ya 200 hadi 500 huhesabiwa kwa bi-, ambayo ni sawa na vi- yetu: bibiri, bisatu, bina, bitaano. Kuanzia 600 kiambishi hugeuka kuwa lu-: lukaaga, lusanvu, lunaana, na 900 ni lwenda. Kwa hiyo "lukumi mu bitaano" ni 1,500, na "enkumi bbiri" ni 2,000. Mwanafunzi wa isimu anayetaka kuona namna ngeli inavyobeba maana ya ukubwa wa idadi, na si upatanisho tu, apande takisi ya kwenda Kireka akiwa na sarafu mfukoni. Mimi hutumia mfano huu darasani kuliko mfano wowote wa kitabuni.

Kazi ya pili ni uthibitisho wa malipo. Hapa mashahidi wako ni abiria. Lipa waziwazi, taja mahali unapokwenda wakati unapotoa pesa, na kama unadai, sema papo hapo. Neno la Kampala ni balansi, lenye maana ya pesa inayorudishwa, ambayo Mtanzania huiita chenji. Mgeni akisema "chenji yangu" ataeleweka, lakini "balansi yange" hujibiwa haraka zaidi. Usitoe noti ya 50,000 kwa safari ya 1,000. Konda atakuambia subiri, utasubiri hadi kituo chako, na hapo utalazimika kuchagua kati ya kushuka bila pesa yako na kupitishwa. Weka noti ndogo na sarafu tangu asubuhi. Jambo jingine la maana ni kwamba asiye na tiketi hana ushahidi wowote kwamba alikuwa ndani ya gari lile. Ukisahau mkoba, au likitokea baya zaidi, huna karatasi ya kuonyesha. Ndiyo maana nawashauri wageni waandike namba ya gari kwenye simu kabla ya kuketi, na usiku wapande kwenye maegesho au vituo vinavyojulikana, wasipande gari lolote linalosimama gizani likiwa na watu watatu wasiozungumza.

Kazi ya tatu ni kushuka. Gari halina kengele. Unasema "maaso awo", yaani hapo mbele, kwa sauti ya kutosha na mapema kidogo, na dereva atasimama panapofaa. Wanafunzi wetu wanapokwenda Dar es Salaam hutafsiri maneno hayo na kusema "mbele hapo", na pengine hupitishwa kituo kimoja, kwa sababu sikio la konda wa huko linangoja "shusha!"

Je, Kiswahili hakitoshi? Makonda wengi wa Kampala wanakisikia, na wengine wanakizungumza vizuri. Hata hivyo, mgeni aelewe historia. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa miaka mingi raia walikisikia zaidi kwa askari, tena kwa amri na vitisho. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kukitekeleza, kikiwemo kukifundisha shuleni. Sikio la mtaani hubadilika polepole kuliko katiba. Kiswahili cha adabu, chenye "tafadhali" na "kaka", hupokewa kwa tabasamu, na mara nyingi konda hujibu kwa kujaribu maneno yake machache. Kiswahili cha kukemea humnyamazisha kila mtu garini, nawe hutapata msaada wa shahidi hata mmoja.

Wageni wengine huuliza kwa nini kadi haijaletwa. Wapo wanaodhani ni uzembe, nami sikubaliani nao. Takisi nyingi haziendeshwi kwa mshahara. Dereva humpa mwenye gari kiasi maalumu kila siku, huweka mafuta, na kinachobaki ni chake na konda wake. Kadi huipeleka nauli kwenye akaunti, na akaunti si ya konda. Halafu kadi hudai bei moja inayojulikana, ilhali takisi huishi kwa bei inayopanda na kushuka. Majirani zetu wa Nairobi walilijaribu hili. Kadi ya BebaPay ya Google na Benki ya Equity ilianza mwaka 2013 na kufungwa mwaka 2015, na agizo la serikali la mwaka 2014 la kuondoa pesa taslimu kwenye matatu halikutekelezeka. Kilichofanikiwa baadaye ni malipo kwa simu, kwa sababu pesa hufika mikononi mwa watu walewale wa garini. Huku kwetu pia baadhi ya makonda hukubali pesa kwa simu, lakini usiitegemee.

Kampala imewahi kuwa na mabasi makubwa ya mjini. Kampuni ya UTC ilihudumia jiji kwa miongo kadhaa kabla ya kudhoofika, na takisi ndizo zilizojaza pengo. Mwaka 2012 mabasi ya Pioneer Easy Bus yalianza kazi kwa shangwe, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 yalikuwa yamezuiwa na Mamlaka ya Mapato kwa madai ya kodi. Tangu hapo mipango mingine imetangazwa. Mgeni asingoje.

Tiketi ya karatasi bado utaipata sehemu mbili. Ya kwanza ni treni ya abiria inayotoka stesheni ya Kampala kuelekea Namanve, iliyoanza Desemba 2015. Huduma hii imesimamishwa na kurejeshwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo uliza stesheni kwanza. Ya pili ni mabasi ya mikoani na ya kuvuka mipaka, kama yale ya kituo cha Kisenyi. Huko tiketi huandikwa jina lako, tarehe na kiti. Kata ofisini mwa kampuni, si kwa kijana anayekuvuta mkono getini, na usome tarehe kabla ya kuondoka dirishani.

Kuhusu bodaboda, bei hupatanwa kabla ya kupanda, si baada ya kushuka. Ambaye hapendi kupatana atumie programu za simu kama SafeBoda, iliyoanzia hapa Kampala mwaka 2014, au Uber na Bolt. Hizi huonyesha nauli mapema na kuhifadhi kumbukumbu ya safari. Kumbukumbu hiyo ina faida ya pili kwa mgeni wa kikazi. Mhasibu wa chuo chochote hudai risiti, na konda hana risiti. Anayepanda takisi kwa shughuli za kikazi aandike daftarini kila siku tarehe, njia na kiasi, na aulize mapema iwapo orodha ya namna hiyo itakubaliwa. Kujaribu kukumbuka nauli za siku tano mbele ya dirisha la mhasibu ni mtihani usio na alama.

Mwisho, neno kwa wanafunzi wetu wanaosafiri upande wa pili. Mazoea ya Kampala hayatawasaidia kila mahali. Dar es Salaam, kwenye mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Mei 2016, hulipi ndani ya basi. Unalipa kituoni, kisha unapita getini. Kadi zimewahi kuanzishwa, kuachwa na kuanzishwa tena, basi ulizeni dirishani ni kipi kinachotumika siku hiyo, na msitupe tiketi kabla ya kupita. Kigali ni tofauti zaidi. Mabasi ya mjini hutumia kadi ya Tap&Go, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2015, ambayo abiria huigusisha kwenye mashine anapoingia. Huko hakuna konda wa kuuliza wala balansi ya kudai. Kadi hununuliwa na kuongezewa salio kwa mawakala vituoni, Nyabugogo ikiwemo, na ni vyema kufanya hivyo kabla ya kupanga foleni, maana ukifika mlangoni bila salio, dereva hatakuwa na la kufanya na sarafu zako.